Mhandisi aliyetoa mbolea katika Bahari ya Chumvi

MKULIMA wa Bungoma au Kirinyaga aingiapo katika duka la pembejeo hukuta magunia yamepigwa chapa ya tarakimu tatu tatu. Hili limeandikwa 18-46-0, lile 17-17-17. Wengi wanafahamu kuwa tarakimu ya kwanza ni ya naitrojeni, ambayo hukoza kijani cha majani, na ya pili ni ya fosforasi, ambayo huisukuma mizizi. Ya tatu haizungumzwi sana. Hiyo ni potasiamu, madini ambayo wafanyabiashara wa mbolea huyaita potashi.

Mmea uliokosa potasiamu hauwezi kufungua na kufunga ipasavyo vile vitundu vidogo vya majani vinavyopitisha hewa na mvuke, kwa hivyo hunyauka upesi jua likizidi. Sukari inayotengenezwa majanini haifiki vyema kwenye kiazi, ndizi au punje ya mahindi. Kingo za majani huungua kama zilizopitiwa na moto.

Neno potashi lenyewe lilitoka jikoni. Wazungu wa zamani waliloweka majivu ya kuni, wakayachuja, kisha wakayachemsha maji yale chunguni hadi ukabaki unga mweupe. Ndiyo maana jina hilo maana yake ni majivu ya chungu. Msomaji aliyelelewa Uluhyani hahitaji maelezo marefu. Musherekha, yale maji ya majivu yaliyochujwa na kutiwa katika mboga ili zilainike, ni jamaa wa karibu wa potashi hiyo.

Siku hizi sehemu kubwa ya potashi ya dunia huchimbwa ardhini Canada, Urusi na Belarus. Hata hivyo ipo nyingine itokayo majini, katika Bahari ya Chumvi ambayo wasomaji wa Biblia wanaijua tangu kisa cha Sodoma na Gomora. Aliyeianzisha kazi hiyo alikuwa mhandisi wa migodi kutoka Siberia, Moshe Novomeysky, aliyefariki mwaka 1961. Katika siku zake jina lake lilitajwa katika Bunge la Uingereza na katika kasri la mtawala wa ng'ambo ya Yordani. Nje ya Israeli, ni wachache leo wanaolikumbuka.

Novomeysky alizaliwa mwaka 1873 huko Barguzin, mji mdogo ulio upande wa mashariki wa Ziwa Baikal. Barguzin ilikuwa mahali pa kufungwa bila kuta. Serikali ya mfalme wa Urusi iliwapeleka huko waasi, wanasiasa na wengineo iliotaka wasahaulike, na ukoo wa Novomeysky, Wayahudi waliotoka pande za magharibi za milki hiyo, ulifika Siberia kwa njia hiyo ya uhamisho. Mtoto aliyekulia hapo alisikia siasa mezani kabla ya kuisoma vitabuni.

Jambo jingine alilolikuta nyumbani ni chumvi. Nyanda zilizo ng'ambo ya Baikal zina maziwa madogo madogo yenye maji makali. Majira ya baridi yanapowadia, moja ya chumvi zilizoyeyuka humo hujitenga kwa ubaridi na kutua chini kama theluji. Wenyeji waliizoa kwa majembe na kuiuza kwa watengenezaji wa vioo. Kijana huyo aliona mapema, pasipo kufunzwa na profesa yeyote, kwamba maji yenye chumvi nyingi ni mchanganyiko wa vitu kadhaa, na kwamba ukijua tabia ya kila kimoja unaweza kukitoa peke yake na kuviacha vingine.

Alisoma shule ya ufundi Irkutsk, kisha akaenda Ujerumani, katika chuo cha migodi cha Clausthal kwenye milima ya Harz. Mahali hapo palikuwa na maana kubwa kuliko alivyoweza kujua wakati huo. Si mbali sana na Clausthal upo mji wa Stassfurt, ambako kiwanda cha kwanza cha potashi duniani kilianza kazi mwaka 1861. Potashi ya Stassfurt ilitoka chini ya ardhi, lakini asili yake ni bahari. Mamilioni ya miaka iliyopita maji ya bahari yalinaswa katika bonde, jua likayakausha, na chumvi zake zikalala tabaka juu ya tabaka. Wajerumani walikuwa wakichimba bahari iliyokwisha kukauka.

Aliporejea Siberia alifanya kazi ya dhahabu, akaleta mitambo mipya ya kuichota kutoka mitoni, na pia akaanzisha kazi ya kusafisha chumvi za yale maziwa ya utotoni. Mapinduzi ya mwaka 1905 yalipozuka alikuwa upande wa wapinzani wa mfalme, akakamatwa na kutiwa gerezani kwa miezi kadhaa.

Mwaka 1906 alifika Berlin. Huko alikutana na Otto Warburg, mtaalamu wa mimea aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa harakati ya Kizayuni, yaani harakati ya kuwarejesha Wayahudi Palestina. Warburg alimpa taarifa ya mwanajiolojia wa Kijerumani, Max Blanckenhorn, kuhusu maji ya Bahari ya Chumvi. Novomeysky alipoisoma orodha ya madini yaliyomo, alijiona yuko nyumbani. Yalikuwa maji ya aina aliyoizoea, isipokuwa kwamba huko Siberia baridi ndiyo iliyotenganisha chumvi, na huku kazi hiyo ingebidi ifanywe na joto.

Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa sababu jambo lenyewe hueleweka vibaya mara nyingi, hata siku hizi. Bahari ina karibu kila kirutubisho kinachohitajiwa na mmea. Potasiamu imo, magnesiamu imo, salfa imo, na hata yale madini yanayotakiwa kwa chembe tu yamo pia. Mvua huyaosha kutoka mashambani, mito huyabeba, na bahari huyapokea. Kwa nini basi mkulima wa Kilifi asichote ndoo akamwagia mahindi yake?

Jibu limo katika vipimo. Lita moja ya maji ya bahari ya kawaida ina takriban gramu 35 za chumvi. Kati ya hizo, karibu gramu 11 ni sodiamu na gramu 19 ni kloridi, yaani ile chumvi ya mezani. Potasiamu haifiki hata nusu gramu. Mkulima akimwaga maji hayo shambani atakuwa ametia kirutubisho kijiko kimoja na sumu debe zima. Chumvi huyazuia maji yasiingie mizizini hata udongo ukiwa umelowa, na sodiamu huuharibu udongo wenyewe ukagandamana.

Ipo nadharia, iliyopata wafuasi hasa Marekani katika karne iliyopita, isemayo kuwa chumvi zote za bahari zitiwe shambani kwa kipimo kidogo sana, ili mmea upate kila kitu. Wanaosoma udongo kwa mizani wameitilia shaka, na mimi ni wa upande wao. Gramu chache za potasiamu zilizofuatana na sodiamu mara 25 hivi kuliko zenyewe si biashara ya kumfaa mtu mwenye ekari mbili. Faida ya bahari kwa shamba inategemea kutenganisha, na kutenganisha ndiko kulikokuwa kazi ya maisha ya Novomeysky.

Bahari ya Chumvi inayarahisisha mambo hayo kwa sababu si bahari bali ni ziwa lisilo na mlango wa kutokea. Limo katika mpasuko mrefu wa ardhi ambao vitabu vya jiografia vimezoea kuuunganisha na Bonde la Ufa letu, na jamaa yake wa huku ni Ziwa Magadi. Kila tone linaloingia kutoka Mto Yordani hutoka kwa njia moja tu, nayo ni kupaa kama mvuke. Chumvi hubaki. Baada ya maelfu ya miaka ya kubaki hivyo, lita moja ya maji yake imekuwa na gramu zipatazo 340 za chumvi, karibu mara kumi ya bahari kuu. Isitoshe, mchanganyiko wake ni tofauti. Kloridi ya magnesiamu ndiyo iliyo nyingi zaidi, bromini imekolea ajabu, na kloridi ya potasiamu hufikia gramu 12 hivi kwa lita. Maumbile yalikuwa yameshaifanya nusu ya kwanza ya kazi.

Mwaka 1911, mwaka uleule ambao kampuni ya magadi iliundwa kuchimba huko Magadi, Novomeysky alikwenda kuliona ziwa lake. Palestina ilikuwa bado chini ya Waturuki. Alitelemka kutoka Yerusalemu kupitia Yeriko, mteremko wa zaidi ya mita 1,100, hadi ufuo ulio chini kuliko nchi kavu yoyote duniani. Alipima uzito wa maji na joto lake, akaitazama ardhi ya kandokando. Alitaka kujua kama jua lingeweza kuyakausha maji yale kwa kasi ya kutosha, kwa kuwa maji mazito hukauka polepole kuliko maji matamu. Mvua huko haifiki milimita 100 kwa mwaka, na wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 40. Aliondoka akiamini kwamba jambo hilo linawezekana.

Kisha vita vikaja. Mwaka 1914 Ujerumani, iliyokuwa karibu peke yake katika biashara ya potashi, ilitengwa na wanunuzi wake. Wakulima wa pamba na viazi nchini Marekani waliona bei ya tani moja ikipanda zaidi ya mara kumi. Watu walichoma mwani wa baharini ili wapate majivu. Serikali ambazo hazikuwahi kuiwaza potashi zilitambua ghafla kwamba ukimnyima mtu mbolea umemnyima chakula, ijapokuwa njaa yenyewe itachelewa msimu mmoja au miwili.

Vita vilipokwisha Palestina ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Huko Siberia, ambako Novomeysky aliongoza baraza la Wayahudi wakati wa mapinduzi, hapakukalika tena. Mwaka 1920 alihamia Palestina akiwa na umri wa miaka 46, umri ambao wengi huanza kufikiria kupumzika.

Alidhani, labda, kuwa shida yake ingekuwa ya kemia. Ikawa ya makaratasi. Kwa muda wa miaka tisa hivi alipanda na kushuka ngazi za ofisi za Yerusalemu na London akitafuta kibali. Huku akingoja, aliendesha majaribio katika ufuo wa kaskazini, akijaza mabwawa madogo na kupima siku kwa siku kiasi kilichokuwa kikipaa. Aliungana na mhandisi wa Kiskochi, Meja Thomas Tulloch, ambaye naye alikuwa na jicho kwa ziwa hilo. Jina la Mwingereza katika ombi halikudhuru.

Serikali ilitangaza zabuni mwaka 1925. Wapinzani walikuwa wengi na kila mmoja na hoja yake. Wapo waliodai kuwa walipewa haki na Waturuki kabla ya vita. Mjini London walikuwepo wabunge waliouliza, mwaka 1929, kwa nini mali ya himaya ikabidhiwe mtu aliyezaliwa Urusi na kusoma Ujerumani, na magazeti yalirusha thamani za kubuni zilizomfanya msomaji adhani ziwa lile ni dhahabu tupu. Viongozi wa Kiarabu wa Palestina nao walipinga, wakisema kuwa utajiri wa nchi unatolewa na mkoloni kwa Mzayuni bila wenyeji kuulizwa. Hoja hiyo ya mwisho haikuwa ya kubuni, na haikupata kujibiwa vizuri. Msomaji wa Kenya, aliyesoma jinsi ardhi na madini ya huku yalivyogawanywa na mkoloni katika miaka hiyohiyo, hatashangaa.

Kibali kilianza kutumika Januari 1, 1930, kikiwa cha miaka 75. Kampuni ikaitwa Palestine Potash. Kiwanda cha kwanza kilijengwa kaskazini, karibu na mdomo wa Yordani, mahali palipopewa jina Kalia, kutokana na neno lile la Kiarabu lililozaa istilahi ya alkali katika kemia.

Namna ya kazi yenyewe ingeeleweka mara moja na mtu wa Gongoni au Ngomeni, ambako chumvi ya Kenya hukaushwa kwa jua pwani. Maji yalivutwa kwa mabomba kutoka kina kirefu, kwa kuwa ya chini ni mazito kuliko ya juu. Yaliingizwa katika mabwawa mapana yasiyo na kina, na jua likaachiwa kazi. Tofauti ni kwamba pale Gongoni chumvi ya kwanza kutua ndiyo inayotafutwa. Kalia ile ya kwanza, chumvi ya kawaida, iliachwa chini, na maji yaliyobaki yakasogezwa katika bwawa jingine. Humo yaliendelea kukauka mpaka ikatua chumvi ya pili, iitwayo kanaliti, ambayo ni potasiamu na magnesiamu zilizofungamana pamoja na maji.

Kanaliti ilizolewa ikapelekwa kiwandani, ikaoshwa kwa maji matamu kwa kipimo maalumu. Magnesiamu huyeyuka upesi ikaondoka na maji. Kloridi ya potasiamu hubaki kwa sehemu kubwa. Ikasafishwa, ikakaushwa, ikatiwa katika magunia. Kutoka maji yaliyosalia ilitolewa bromini, iliyotakiwa sana na watengenezaji wa dawa, filamu za picha na petroli ya siku hizo. Bromini ndiyo iliyouzwa kwanza, mwaka 1931, nayo ikailisha kampuni changa wakati potashi ikijifunza kutembea.

Kaskazini palikuwa na kasoro moja: ardhi tambarare ilikuwa haba. Mwaka 1934 mabwawa mapya yalianza kuchimbwa upande wa kusini, mahali paitwapo Sodoma, ambako ufuo ni mpana na maji hayana kina. Hapakuwa na barabara. Potashi ya Sodoma ilipakiwa mashuani, ikasafirishwa kwa urefu wa ziwa hadi Kalia, ikapakiwa tena katika malori yaliyopanda hadi Yerusalemu, kisha reli ikaipeleka bandari ya Haifa. Gunia moja lilipanda mlima mrefu kuliko urefu wa vilima vya Ngong kutoka Nairobi kabla halijaiona meli. Kwamba mbolea iliyosafiri hivyo iliuzwa kwa faida ni ushahidi wa jinsi jua lilivyokuwa mfanyakazi wa bei nafuu.

Wanadamu waliofanya kazi chini ya jua hilo walikuwa Wayahudi na Waarabu, wengine kutoka Yeriko, wengine kutoka upande wa Yordani ya mashariki. Novomeysky alijitahidi kudumisha uhusiano mwema na Amir Abdullah, mtawala wa ng'ambo hiyo, kwa sababu za ujirani na pia kwa sababu ziwa lilikuwa la pande mbili. Machafuko ya mwaka 1936 hadi 1939 yaliitikisa Palestina nzima, lakini kazi ya mabwawa haikusimama.

Mwaka 1939 jirani na Kalia kilianzishwa kijiji cha ushirika, Beit HaArava, na vijana wengi wao wakimbizi kutoka Ujerumani na nchi za Ulaya ya kati. Udongo wake ulikuwa umejaa chumvi kiasi kwamba hapakuota hata jani. Walijenga matuta wakayazingira mapande ya ardhi, wakayajaza maji ya Yordani, wakayaacha yazame na kuishusha chumvi chini ya kimo cha mizizi, kisha wakarudia tena na tena. Katika ardhi iliyooshwa hivyo walivuna mboga. Kwa hivyo katika ufuo uleule, umbali wa kutembea kwa miguu, watu wa kiwandani walikuwa wakiikusanya chumvi kwa ajili ya mashamba ya mbali, na watu wa kijiji wakiifukuza chumvi kutoka mashamba ya karibu. Wote walikuwa wakifanya jambo moja.

Vita vya pili vya dunia vilirudisha hali ya mwaka 1914. Potashi ya Ujerumani na ya Ufaransa ilikuwa mikononi mwa adui, na Uingereza, iliyolazimika kulima kila kipande cha ardhi ili ijilishe, ilitegemea Bahari ya Chumvi kwa sehemu kubwa ya potashi yake. Katikati ya miaka ya 1940 uzalishaji ulifikia takriban tani 100,000 kwa mwaka. Mhandisi aliyehojiwa uaminifu wake bungeni mwaka 1929 alikuwa sasa analirutubisha shamba la Mwingereza.

Mwaka 1947 Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio la kuigawa Palestina, na ikawa dhahiri kwamba Kalia ingebaki upande wa Waarabu. Novomeysky, aliyekuwa na miaka 74, alijaribu jambo ambalo pengine ni yeye peke yake aliyeweza kulijaribu. Alitaka kiwanda kikubaliwe kuwa eneo lisilo la vita, kiendelee chini ya ulinzi wa Abdullah, ambaye sasa alikuwa mfalme, kwa hoja kwamba kinawafaa watu wa pande zote. Mazungumzo yalifanyika. Kila upande ulikuwa na watu wake waliokuwa na shaka, na mapigano yalikwenda kasi kuliko wajumbe.

Mnamo Mei 1948, siku chache baada ya taifa la Israeli kutangazwa, wafanyakazi wa Kalia na wanakijiji wa Beit HaArava walipanda mashua usiku wakaelekea Sodoma. Kiwanda kiliharibiwa, mitambo ikabebwa. Wafanyakazi wa Kiarabu wa Yeriko walipoteza riziki zao, na wengi wa watu wao walikuwa wakipoteza makubwa zaidi mwaka huo. Mashamba yaliyooshwa kwa miaka tisa hayakuwa na mtu wa kuyamwagilia. Katika joto lile maji ya chini hupanda juu na kupaa, yakiacha chumvi. Udongo ulirudi ulivyokuwa.

Sodoma ilibaki imezingirwa kwa miezi, na hata baada ya mapigano kwisha haikuwa na njia ya kupitishia bidhaa, kwani njia yake ilikuwa ile ya maji kupitia Kalia. Barabara mpya kutoka Beersheba ilikamilika mwaka 1953. Kabla ya hapo, mwaka 1952, serikali ya Israeli ilikuwa imeunda kampuni yake, iliyochukua kazi na mali ya kampuni ya Novomeysky. Mzee hakuwa tena na usukani. Aligeukia kalamu, akaandika vitabu viwili vya kumbukumbu, kimoja kuhusu maisha yake Siberia na kingine kuhusu chumvi. Alifariki mjini Paris mwezi Machi 1961, akiwa na umri wa miaka 87.

Kazi aliyoianza haikufa. Upande wa Israeli umeendelea kutoa potashi na bromini kwa mamilioni ya tani, na ng'ambo ya pili Jordan iliunda kampuni yake ya potashi mwaka 1956, nayo ikaanza kuvuna mwanzoni mwa miaka ya 1980. Pande zote mbili hutumia njia ileile: bwawa la chumvi ya kwanza, bwawa la kanaliti, kisha kuosha.

Ziwa lenyewe ndilo lililolipa. Maji ya Yordani yamegawanywa kwa mashamba na miji ya Israeli, Jordan na Syria, na kidogo tu kinafika mwisho wa safari. Mabwawa ya potashi nayo hukausha maji kwa makusudi kila siku. Siku za Novomeysky uso wa ziwa ulikuwa mita 390 hivi chini ya usawa wa bahari. Sasa umepita mita 430, na hushuka kwa karibu mita moja kila mwaka. Mashimo hufunguka ghafla ufuoni, mahali ambapo maji matamu yamefika na kuyeyusha chumvi iliyozikwa.

Sehemu ya kusini, alikochimba mabwawa ya mwaka 1934, ilijitenga na kaskazini mwishoni mwa miaka ya 1970 maji yalipopungua. Kinachoonekana huko leo kama bahari, mbele ya mahoteli ya watalii, ni mabwawa ya mbolea, na maji yaliyomo huletwa na pampu kutoka kaskazini.